Njia Niliyochagua Jangwani

Dada Furaha, salamu mpaka jikoni kwako!

Nani iko na bahati kama miye? Hapa Namibia nimechagua njia bora ya jangwa, na gari tuliyotoa bandarini ili iwe taksi ya shemeji, inakuja mbio! Joto inakausha jasho kabla halijatoka. Mama Neema, mwenzangu wa safari, alisema: "Kaka, tufuate lami, hata kama iko ndefu." Nikamucheka: "Weye hujaona matope ya kwetu Runingu!" Nikakata mchangani. Tulipokwama nikakanyaga mafuta kwa nguvu, kama kwetu matopeni. Gari ikajizika mpaka milangoni, motere, injini yake, ikaungua. Mama Neema akanipa maji yake.

Nawapenda wote. Mwambie shemeji naona haya: taksi yake haiji. Pale juu ya barua nilikudanganya.

Kaka yako