Ofisi Nzima Imemwona Mjukuu Wangu, Mimi Bado

Mpendwa Bi Kapitolina,

Naomba msaada wako, na jina langu liandike lote hapo gazetini maana mimi sina cha kuficha, wanaojificha ni wengine na ndiyo sababu nakuandikia. Mimi ni Valery Prokhorovich, mkuu wa ugavi katika kiwanda cha maboksi hapa Kungur, mtu mzima mwenye heshima zangu, nina mke mmoja, Rimma, na binti mmoja, Snezhana, ambaye alimfuata mumewe huko Novi Sad, Serbia, akasema ni kwa muda tu, na muda wenyewe mpaka leo haujaisha.

Mwaka jana ilitoka amri kutoka juu kwamba makundi yote ya kazini yahame kutoka ile programu ya kigeni ya kuchati, yaende kwenye programu yetu ya nyumbani, ya Kirusi, iliyotengenezwa na vijana wetu, na mkurugenzi akatazama huku na huku akaniteua mimi kusimamia, nami sikulipua kazi kama wengine. Nilinunua keki, nikawaita wote kwa chai, kila mtu akaweka simu mezani na kuifuta ile ya kigeni mbele ya macho yangu, nikatoa na hotuba, nikasema tumeishi nyumba ya kupanga vya kutosha, sasa tunahamia kwetu, wakapiga makofi, na mhasibu wetu Iraida Lvovna akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika, nami nikadhani ni uchungu wa nchi, lakini sasa naanza kupata wasiwasi kwamba alikuwa anazuia kicheko. Sikuishia kazini. Nyumbani pia nilibadilisha kila kitu, barua pepe ya kwetu, ramani ya kwetu, filamu za kwetu, hata spika ya jikoni ni ya kwetu, unaiuliza hali ya hewa inakujibu kwa Kirusi safi kabisa, ingawa Rimma yeye huiuliza, "Hebu niambie mwanangu, mume wangu atanyamaza saa ngapi?"

Basi kundi jipya likatulia. Kila asubuhi naandika "Habari za asubuhi, wenzangu," anayejibu ni mlinzi wa lango, Yegor, kwa kidole gumba, na siku za sikukuu Iraida Lvovna hutuma picha ya maua. Nikajisemea hii ndiyo nidhamu, watu wameacha porojo wanachapa kazi, na hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye ripoti.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Kabla theluji haijaanza kuanguka, Snezhana aliniandikia meseji ya kawaida: "Baba, utakuwa babu." Nilifurahi, Bi Kapitolina, nilifurahi mpaka nikasimama, lakini habari kubwa kama hiyo haizungumzwi kwenye kimeseji, kwa hiyo nikamtumia kiungo cha programu yetu pamoja na maelekezo, bonyeza hapa, halafu hapa, weka namba, kisha tutaongea kama watu. Akanijibu, "Baba, nakwambia nina mimba, wewe unaniambia nibonyeze." Kesho yake akaandika kwamba amejaribu, programu imeikataa namba yake ya Serbia, inataka namba ya nyumbani, nami nikaona hivyo ni visingizio, maana vijana wa siku hizi kwa visingizio ni hodari, lakini sikubishana, nilinunua laini ya hapa, nikaitia ndani ya soksi za sufu, nikampa jirani aliyekuwa anasafiri kwenda huko. Jibu likaja: "Asante kwa soksi." Baada ya hapo akanyamaza, nami nikanyamaza, kwani nani amemzaa mwenzake?

Juzi nipo kantini nakunywa supu yangu ya kabichi, Iraida Lvovna akaja na sinia lake, anameremeta.

"Hongera mkuu! Yaani pua ni yako kabisa, masikini mtoto wa watu!"

"Pua gani?"

"Ya mjukuu wako, ya nani tena?" Halafu akakumbuka, akajiziba mdomo. Meza nzima vijiko vikasimama.

"Mmemwona wapi?"

Wakaanza kutazamana. Yegor, ambaye kudanganya hakuwezi, akasema, "Kwenye kundi, mkuu. Lile la zamani."

Bi Kapitolina, lile kundi halikufa hata siku moja! Walirudi humo jioni ile ile ya keki yangu, utamu wake ukiwa bado mdomoni, na ile programu ya kigeni ilipoanza kuzibwa mtandaoni wakatafuta vijia vyao vya pembeni vya kukwepa kizuizi, wanapita humo mpaka leo, na kundi wamelibandika jina "Chai Bila Mkuu". Mke wangu yumo, wala hafanyi kazi kiwandani, aliingizwa na Iraida Lvovna kwa sababu mashamba yetu ya mapumziko yamepakana! Yegor yumo, yule yule wa kidole gumba, eti huko ndiye bingwa wa vichekesho.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Rimma balkoni, kavaa koti. Majira yote ya baridi alikuwa anakwenda balkoni na koti, akiulizwa anasema anaangalia ndege, nikadhani ameanza kuvuta sigara uzeeni, nikamsamehe kimoyomoyo.

"Rimma, nionyeshe mtoto."

"Sikuonyeshi."

"Mimi ni babu yake!"

"Mpigie mama yake umwambie hivyo. Amesema baba atamwona siku atakayompigia mwenyewe amuulizie mtoto, bila masharti, na bila kubonyezeshwa chochote."

"Basi hata jina. Anaitwa nani?"

"Iulize spika yako."

Sikufichi, niliiuliza. Ikasema haijaelewa swali.

Sasa naomba unishauri mambo mawili. Kwanza, je, niwaripoti hawa watu kwa mkurugenzi, maana mimi nilitia saini kwamba wote wamehama? Pili, kuna namna gani ya kulijua jina la mjukuu wangu bila kujidhalilisha? Nimeshamfungia zawadi, boksi zuri la tabaka mbili, anwani nimeiandika, pale pa jina pako wazi, na kila nikipita hapo sebuleni naliona, na moyo unaniuma, siwezi kusema uongo.

Wako aliyesalitiwa,
Valery Prokhorovich, Kungur

*

Valery Prokhorovich,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitamani kuja hapo kantini nikuvute sikio mbele ya supu yako.

Kwanza hongera. Kiwanda kizima kiliamriwa kuhama, aliyehama ni wewe. Utiifu wote wa Kungur umekusanyika kwa mtu mmoja, na mtu huyo kila asubuhi anamsalimia mlinzi. Uliona kundi limenyamaza ukaandika "nidhamu" kwenye ripoti! Mzee wangu, watu wakinyamaza ghafla ukiingia chumbani, huwa hawajaanza kufanya kazi. Wanakusubiri utoke.

Usije ukasema Kapitolina anadharau vya nyumbani. Ramani yetu naitumia, inajua mpaka kichochoro cha nyuma ya sokoni ambacho mimi niliyezaliwa hapa sikijui. Teksi naiitia kwa programu yetu, filamu natazama kwetu, na spika kama yako ninayo, tena tunaelewana. Lakini hizo ni sufuria, Valery Prokhorovich. Sufuria ikifaa unapikia, isipofaa unachukua nyingine. Wewe yako umeitundika ukutani, unataka kila anayeingia aipigie magoti, na asiyeipigia magoti basi si mwanao.

Binti amekuambia utakuwa babu. Kuna mambo mangapi ambayo baba anaweza kusema hapo? Angeweza kulia. Angeweza kusema "mwanangu" akaishia hapo hapo, ingetosha. Wewe ukamtumia maelekezo! Akakuambia amejaribu, namba imekataliwa. Wewe ni mkuu wa ugavi, boksi likiingia bohari unalipima upande kwa upande kabla hujatia saini, lakini neno la mtoto wako hukulipima, ulilitupa kwenye visingizio. Mimi niliuliza tu hapa ofisini, kijana wetu wa kompyuta akanijibu huku anakula: ni kweli, namba za Serbia haizipokei. Kwa hiyo ulifunga mlango kwa ndani, ukakaa kumnunia aliye nje kwa sababu haingii. Tena alikuwa na mimba.

Unauliza nani amemzaa mwenzake. Umemzaa wewe. Ndiyo maana anayepaswa kuanza ni wewe.

Kuhusu kuwaripoti wenzako: nenda, karipoti. Ila kabla hujagonga mlango wa mkurugenzi, jiandae kisaikolojia, maana naweka dau kwamba naye pua ameiona. Aliyekuteua alikuwa anatafuta mtu wa kuhama kwa niaba ya wengine ili yeye apate ripoti, na alichagua vizuri. Achana nao. Watu waliokula keki yako wakakudanganya ni wajanja, lakini hawajakuibia mtoto. Wangekuwa wanakuchukia, Iraida asingekuja na sinia lake kukupa hongera, tena kwa furaha iliyomsahaulisha hata siri yake mwenyewe.

Na Rimma. Hapo sicheki. Mwanamke amefuatilia mimba ya mwanawe mwezi baada ya mwezi akiwa amesimama kwenye baridi ya Ural, na koti, kwa sababu ndani kwenye joto ameketi mzee na hotuba zake. Nawe ukajisifu kwamba umemsamehe sigara! Leo hii umwambie ahamie sebuleni kwenye kochi, aongee na binti yenu kwa sauti, kwa programu anayotaka, nawe umletee chai. Usipitepite nyuma ya kochi kuchungulia. Hiyo picha utaonyeshwa na Snezhana mwenyewe.

Sasa namna ya kulijua jina. Mhariri wangu amenikataza kuandika habari za vile vijia vya pembeni, kwa hiyo siandiki, na kusema kweli huvihitaji. Kuna simu. Namaanisha ile ya kawaida, ya kubonyeza namba ikaita, ambayo wewe uliisahau kwa sababu hakuna aliyekupa amri ya kuitumia. Ni ghali kupiga nje? Uza ile spika. Tumia simu yako, si ya Rimma, maana Snezhana akiona namba ya mama atapokea kwa furaha halafu akusikie wewe, na hiyo itakuwa chenga nyingine. Akipokea, usiseme "programu". Usiseme "nimekusamehe", Mungu apishe mbali. Usieleze ulichomaanisha kuhusu ile laini. Sema, "Snezhana, ni baba. Samahani mwanangu. Mtoto hajambo?" Halafu nyamaza, najua ni kazi ngumu kwako, shika hata ukingo wa meza. Akilia, mwache alie. Akikata, piga tena kesho, na keshokutwa, mpaka achoke kukata. Unasema hutaki kujidhalilisha. Mbele ya nani? Wote wameshakucheka, hiyo imepita. Aliyebaki ni mmoja, na yeye hacheki.

Na jambo la mwisho. Iraida Lvovna alipita hapa gazetini kuweka tangazo la kuuza miche ya nyanya, akanionyesha picha bila hata kuombwa. Mtoto ni mnene, ana hasira usoni, na pua, ndiyo, pua ni msiba. Jina nilimuuliza, akaniambia. Sitakuandikia, ingawa lingeingia vizuri pale palipo wazi kwenye boksi lako. Nakuambia hivi tu: kijana amezaliwa Serbia, majirani zake ni Waserbia, na mama yake angeweza kumpa jina lolote la huko. Amempa la baba yako mzazi, Prokhor, lile lile unalolibeba kila siku ndani ya Prokhorovich yako.

Haya, nimeshalitaja. Lakini bado mpigie umuulize, na akikuambia, lipokee kama ndiyo kwanza unalisikia.