Meli Iliyoitwa Osward

Lipangalala, Ifakara
5 Machi 2024

Dada Paulina,

Shikamoo. Natumaini mlifika Malinyi salama, Eveline hajambo, na miguu yako haikuvimba kwa safari. Sisi huku wazima, cherehani tu ndiyo inayokohoa. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi. Suruali yake bado iko kwangu, basi namwamini.

Ile Jumapili uliingia bila hodi ukatukuta tumepiga magoti, mimi na Obadia wa mashine ya kukoboa, juu ya turubai la kuanikia mpunga. Hatukuwa tunapiga ramli. Ule ni mchezo wa vita vya majini. Turubai ndilo bahari. Meli nimezichonga kwa ndala zilizokatika, na mizinga yake ni njiti za kiberiti. Umbali tunaupima kwa ile futi yangu ya kupimia viuno vya watu, na dadu ndiyo inayoamua kama kombora limepiga au limepita. Obadia aliuona mchezo kwenye simu yake, na sasa wazee wawili ambao hawajawahi kuiona bahari wanaamrisha manowari.

Najua ulichosikia: "Osward amezama, nani anafuata?" Kisha kicheko. Najua pia neno hilo linavyomwingia mtu ambaye mumewe alitoka na mtumbwi kwenda shambani, mto ukarudisha mtumbwi peke yake. Lakini dada, Osward aliyetajwa ni meli. Kwetu jina la marehemu hupewa mtoto ili lisipotee. Ninyi hamkupata wa kiume, mimi sikupata kabisa. Nikaipa meli yangu bora jina la shemeji. Ilikuwa heshima. Aliyeropoka ni Obadia, na mdomo wake unajulikana hadi Kidatu.

Aprili nakuja kukaa kiti cha mjomba siku Eveline atakapotolewa mahari. Koti nimeshajishonea.

Mdogo wako,
Fidelis


Malinyi
16 Machi 2024

Fidelis,

Barua imefika. Sisi wazima.

Mtoto mwenye jina la marehemu hapigwi hata kofi. Mama yake akitaka kumchapa, huanza kwa kumwomba radhi. Wewe umempiga mizinga.

Na hodi nilipiga, tena si mara moja.

Kiti cha mjomba atakaa Antoni, mtoto wa baba mkubwa. Koti lako livae Pasaka.

Paulina


Lipangalala
24 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Hapa mvua inanyesha hadi nguo za wateja zinanuka ukungu, na wateja wanasema zilikuja zikinukia.

Hodi ulipiga. Sikuisikia kwa sababu nilikuwa baharini. Nikueleze, ingawa haitanisaidia. Kutwa nzima nashona ninachoambiwa, kwa kipimo cha tumbo la mtu mwingine. Pale kwenye turubai kila mmoja anaandika amri zake kwa siri, kisha tunafunua pamoja. Na meli kubwa haigeuki papo hapo. Ukiiamuru ikate kushoto, kwanza itaendelea kule ulikokosea, ndipo ianze kugeuka. Umepiga magoti, unalitazama kosa lako linakwenda taratibu mbele ya macho yako, na huwezi kuliita lirudi. Sijui kwa nini jambo hilo hunipa raha. Lilikuwa likinipa.

Siku ile Obadia alikuwa ananizunguka. Nikaandika amri Osward aende mbele peke yake apigwe, zile nyingine zipate kupita. Zikapita. Na Obadia hakusema kitu, dada. Aliyesema "Osward amezama, nani anafuata?" ni mimi, na kicheko kilikuwa changu. Nilikuwa nashinda. Obadia nilimsingizia, naye bado ananisalimia vizuri kila asubuhi, ndilo linalonichoma.

Jina nimelikwangua kwa wembe. Obadia nimemkataza kulitaja, amekubali. Halitasikika tena nyumbani kwangu. Kiti ni halali ya Antoni.

Mdogo wako mwenye haya,
Fidelis


Malinyi
20 Aprili 2024

Fidelis mdogo wangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Eveline anakuamkia.

Nilijua ni wewe. Kicheko chako nakijua tangu tukiamia ndege wasile mpunga wa baba. Nilitaka kuona utaandika nini.

Shughuli imepita. Antoni alikaa kiti chako, akala vizuri. Wazee wa upande ule walipouliza binti ni wa nani, akajibu, "Ni wa marehemu." Wakauliza marehemu yupi. Antoni akanitazama mimi, nami nikamtazama Eveline. Kumbe sote tumezoea kusema marehemu, baba Eveline, mwenzetu aliyetutangulia. Jina lenyewe tukawa tunalitafuta mdomoni kama ufunguo ulioanguka gizani. Mwishowe alilisema Eveline, mbele ya wakwe, siku ambayo binti hatakiwi kufungua kinywa. Niliona haya, Fidelis, kuliko hata ile siku ya turubai.

Nikakumbuka barua yako. Sina hamu na meli zako, na Osward wangu hakwenda mbele ili mtu mwingine apite, alikwenda kupalilia. Usimpambe. Lakini miaka yote hii, nyumba pekee ambako mume wangu aliitwa kwa jina lake, Osward njoo huku, Osward pita kule, ni yako. Na wewe umekwenda ukalikwangua.

Bado nimekasirika. Ila Jumapili ya kwanza ya Mei nakuja. Mrudishie jina.

Dada yako,
Paulina


Lipangalala
30 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Mwambie Eveline mjomba wake amemshukuru.

Jina nimeliandika upya. Ndala ikishakwanguliwa haipokei wino vizuri, ila linasomeka ukiinama.

Shida ni Obadia. Juzi baada ya misa tulijaribu. Nikamwambia aitaje meli. Akasema, "Hiyo yako." Nikamwambia ina jina. Akatazama mlangoni, akasema, "Ya shemeji." Nikambembeleza, nikamkaripia, akaishia kuomba maji ya kunywa. Nilimfundisha kuona haya kwa dakika moja, na amekuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha kushona.

Nikamwambia basi, nitasema mimi. Nikaishika meli, nikafungua mdomo, nikasikia nasema, "Marehemu."

Njoo, dada. Umwite wewe kwanza.

Mdogo wako,
Fidelis