Magitaa ya Karakana

Shamba la ngano, Hanang
Agosti 1984

Mwanangu Margwe,

Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaiandika: marahaba. Ngano imeshavunwa. Upepo ni uleule, na ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike.

Mdogo wako Tomaso tulimzika wiki iliyopita, trekta lilimpindukia. Mama yako yuko ndani kwa mila yetu ya msiba: hatoki, wala watu hawamkaribii. Mimi humwachia maji mlangoni.

Jumamosi vijana wa karakana walipiga tena muziki wao wa roki, yale magitaa ya umeme yanayolia kama mashine ya kuvunia iliyokosa grisi. Kwenye ngoma alizokuwa akiwapigia Tomaso walimkalisha fundi wa matairi. Nilikasirika. Kaburi halijakauka! Nikapita kwa mama yako, nikamwambia kutoka nje kwamba nakwenda kuwanyamazisha.

Akajibu toka ndani, "Wifi, waambie waongeze sauti. Zile ngoma hazinifikii vizuri."

Nikaenda, nikawaambia. Nilisimama palepale mpaka dizeli ya jenereta ikaisha.

Muziki wenyewe bado siupendi.

Shangazi yako,
Fabiola