Nyumba Inayoitikia kwa Sauti Yako

Mama Salima,

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenishinda kuelewa, na niliyezoea kumuuliza ni wewe.

Mjukuu wetu Rehema ametengeneza mchezo wa kompyuta. Si wa mpira wala wa magari. Mtu anatembea peke yake kwenye njia ya zamani ya misafara, akitoka Tabora kuelekea magharibi, akifumbua mafumbo. Hakuna adui wa kupigana naye. Kuna miombo na vumbi, na juu ya miombo kuna kitu kikubwa mno, kisichoshuka wala kusema. Nyota zinahama usipozitazama. Nimesoma vitabu vingi, lakini sikuwahi kuogopa hivi nikiwa nimekaa sebuleni hapa Tanga, chai mkononi.

Kando ya njia kuna nyumba za tembe, zile za paa bapa la udongo. Unabisha hodi. Isipoitika unapita, na njia inafunguka. Lakini ipo moja inayoitika. Hiyo ni kinywa cha kile kitu cha juu. Ukiingia umekwisha.

Inaitika kwa sauti yako.

"Karibu, pita ndani," ukilivuta neno la mwisho kama kawaida yako. Nikaingia. Skrini ikawa nyeusi.

"Babu, umekufa," akasema Rehema.

Nikaanza upya, nikaingia tena. Akaniuliza kama fumbo sijalielewa. Nilikuwa nimelielewa vizuri.

"Hiyo nyumba inakula watu, Babu. Ukikaribishwa tu, na wewe huyo?"

Unakumbuka asubuhi tuliyotoka Isevya, kule kwenu Tabora, kwa miguu kwenda Itetemia kwa shangazi yako, mimi bado mkwe mpya? Mlango ulikuwa wazi, tunamwona anapepeta mtama. Nikataka kuingia, ukanishika shati. "Mtu haingii kwa macho," ukaniambia, "anaingia kwa kukaribishwa." Tukasimama juani mpaka alipoinua uso, tukamwamkia mwangaluka, naye akatupokea kana kwamba ndiyo kwanza atuone. Baadaye ulinieleza kuwa alituacha makusudi, apime subira ya mumeo. Tangu siku ile sijaikataa karibu yako, hata tulipokuwa tumenuniana.

Rehema anasema alikurekodi katika mwaka wako wa mwisho, na kwamba ulicheka sana alipokueleza kazi ya sauti hiyo. Ati ulisema afadhali kuwa zimwi kuliko kusahauliwa. Sijui. Hukuniambia. Maneno hayo yanafanana nawe, halafu hayafanani. Sasa anataka kuutoa mchezo kwa watu, na amekuja kuniomba ruhusa: sauti ibaki, au iondoke?

Ikibaki, watu wasiokujua watajifunza kuikimbia, na atakayeikimbia upesi ndiye hodari. Ikiondoka, nitaisikia wapi tena ikiniambia nipite ndani? Rekodi yenyewe anayo, lakini humo unaongea naye, huongei na mimi.

Nikamwambia aiondoe. Akaiondoa mbele yangu bila kubisha, na hilo nalo silielewi, maana nalijua jasho aliloitolea. Mpaka apate sauti nyingine, nyumba ile iko kimya.

Jana alasiri nilicheza tena. Nikafika mlangoni pako, nikabisha hodi, nikangoja. Nikabisha tena. Asiyeitikiwa huenda zake. Adabu yetu ndiyo hiyo. Nikaenda zangu. Njia ikafunguka, na mbele kuna nchi pana ambayo sijawahi kuifikia, kile kitu kingali juu yake.

Rehema akapiga makofi. "Babu, umepita."

Sikujua nifurahi au nimkemee. Nimemwomba asizime kompyuta. Mtu yule mdogo kwenye skrini bado amesimama pale, ameipa nyumba mgongo, na mimi ndiye ninayepaswa kumwambia aendelee kutembea.

Kaa salama huko, mama. Huku nilipo sijapajua bado.

Mumeo,
Baba Salima