Kiapo Alichokikataa Babu Yako

Mjukuu wangu, mume wangu Danieli,

Hapa Palma tu wazima. Dada yako amejifungua binti, na wageni wa kampuni ya gesi wamejaa mpaka kanisani. Unasomea uchungaji, na mhandisi mmoja huko amekualika ujiunge na Frimasoni, chama cha viapo vya siri. Unauliza kama vyote viwili vinakaa pamoja.

Babu yako naye alialikwa na meneja wa shamba la mkonge alikofanya kazi kule Lindi. Alikuwa mwinjilisti, na tulikuwa tumeoana juzi tu. Akamuuliza meneja, "Kiapo chenyewe nitamwambia mke wangu?"

"Hapana."

Akarudi nyumbani akaniambia, "Nimekataa. Siwezi kupiga magoti nawe mbele za Mungu huku nakuficha kiapo."

Meneja akamfukuza kazi. Mimi nilimpenda upya.

Maandiko watakufundisha walimu wako. Ila kabla hujamjibu mhandisi, zungumza na mchumba wako.

Nakuombea,
Bibi yako