Yai Alilokula Mama Yako

Lumino, Ijumaa jioni

Mwalimu Amoding,

Jeshini nilijifunza kuandika barua za aina mbili tu: ya kuomba likizo, na ya kueleza kwa nini nimechelewa kurudi kutoka likizo. Hii nadhani ni ya aina ya pili. Tangu tukuzike kule kwenu Mella nimechelewa kukueleza mambo, na safari hii siwezi kulisingizia goti langu bovu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichogombana nacho siku zote, wewe Mteso na mimi Msamia, watoto wakitucheka wote wawili.

Nianze na baya. Ulipokufa, chama chetu cha watoto nacho kilikufa.

Unakumbuka kilivyoanza? Ulikuja dukani mwaka ule uliofuata Uhuru, ukanikuta nimekaa juu ya gunia la chumvi nikisimulia vita ambavyo sikupigana. Ukasema, "Koplo, mdomo wako una nguvu. Njoo uutumie uwanjani." Watoto wako wa darasa la kwanza na la pili walikuwa wakitoka masomoni wanajilaza kwenye nyasi badala ya kucheza. Mimi niliona uvivu. Wewe uliona njaa, njaa ya mtoto aliyejazwa ugali wa muhogo asubuhi na jioni, tumbo likatuna na mwili usipate kitu.

Siku ya kwanza niliwanywesha uji wa wimbi wenye njugu, vikombe vimejaa pomoni, kisha nikawakimbiza kuzunguka uwanja mara tatu. Uji wote ukarudi. Ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu ukainuka ukanifundisha kwamba mtoto huchezeshwa kwanza, hulishwa baadaye. Siku ya pili niliwapigia amri ya "Nyuma geuka!" Nusu waligeuka, nusu wakaenda zao nyumbani. Basi ukaniondolea amri, ukaniletea kamba na rimu kuukuu za baiskeli, na mimi askari mzima nikajifunza kurukaruka kama chura kila Jumanne na Alhamisi.

Na Nabwire. Yule binti alikuwa na nywele nyekundu zilizonyooka kama ndevu za mahindi, na miguu iliyovimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kaka yake alikwisha kufa na miguu ya namna hiyo, na mama yake alikuwa ameanza kumtazama Nabwire kama mtu anayeaga. Ukamsagia dagaa ndani ya uji. Ukamchemshia mboga. Kila siku ya chama ukampa yai la kuku wako mwenyewe. Miezi ikapita. Alasiri moja, mimi nimeshika ncha ya kamba na mawazo yangu yako mbali, nikasikia watoto wamenyamaza. Nabwire alikuwa anaruka. Aliruka mara moja, mara mbili, kisha sikuhesabu tena, kwa sababu macho yalinijaa machozi. Mwalimu, nimeona meli ikimeza malori mazima ikaondoka nayo, lakini sikuwahi kushangaa kama siku ile. Ulinipokonya kamba ukaniambia, "Koplo, wewe unalegeza."

Lakini lile yai ndilo lililotuponza. Hapa kwetu, kama kwenu, kuku na mayai ni vya wanaume. Msichana akila yai, wanasema hatazaa, au atazaa bubu. Ulilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana ulisimama mbele ya akina mama wote, ukala yai zima, taratibu, ukawaangalia mmoja mmoja. Wakakuachia watoto wao, ingawa kwa shingo upande.

Kisha mvua zikaja, na homa ikaja nazo, na baada ya siku nne ukawa umekwenda. Daktari wa Tororo alisema ni malaria. Lakini daktari yuko Tororo, na midomo iko Lumino. Kabla sijarudi kutoka mazishini tayari walikuwa wanasema yai limekuua.

Jumanne iliyofuata walikuja akina mama badala ya watoto, ila Nabwire tu aliyemfuata mama yake. Nikasimama kuwahutubia, unanijua. Nikawaambia juu ya mbu, juu ya damu, juu ya nguvu ya yai. Nilikuwa naendelea vizuri. Ndipo Mama Nabwire akauliza, polepole tu, bila ubishi: "Koplo, bibi yako nakula mayai?"

Nikaikunja kamba, nikaikunjua.

Wewe hukuwahi kuniuliza swali hilo. Nyumbani kwangu mke wangu Nafula huniwekea yai mezani, hurudi jikoni, na mimi hula. Miaka yote ile nilikuwa nawalisha binti za watu uwanjani, kisha narudi nyumbani kula peke yangu, na sikuona ajabu yoyote. Kinyozi hajinyoi, kweli, lakini mimi hata sikujua kuwa nina nywele. Mama Nabwire alingoja jibu kwa heshima. Alipoona halipo, akamshika binti yake mkono wakaondoka, na wengine wote nyuma yao.

Wiki tatu, Mwalimu. Nilikuwa nakwenda uwanjani na kamba begani, nakaa, narudi. Jumapili moja kanisani nilimwona Nabwire amevua viatu. Miguu ilikuwa imeanza tena kuvimba. Sikuthubutu kuibonyeza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akaja mama yako.

Alikuja kuchukua sanduku lako na kuku wako. Alipanda basi kutoka Tororo mpaka Busia, kutoka hapo akabebwa kwenye baiskeli, mzee yule, na matope yale. Akaniuliza watu wanasema nini juu ya mtoto wake. Nilitaka kumficha. Nikashindwa, nikamwambia yote, pamoja na la ukimya wangu. Akasema, "Kumbe alikula peke yake. Mimi mama yake sikuwa hapo." Sikujua kwamba hukuwahi kumwambia.

Akanituma nikachemshe yai moja, akatoka kwenda kusimama katikati ya uwanja. Lumino haikosi macho. Nilipofika na yai, akina mama walikuwa wamejipanga kwenye ua wa mikatani wakijifanya wanapita. Mama yako akapaza sauti kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili kila mtu asikie: "Hii kitu watu nasema iliua mutoto yangu, mimi nakula. Kama nakufa, munizike na yeye."

Akalishika yai. Akaligeuza huku na huku. Mwalimu, hakujua linamenywaje! Amefuga kuku maisha yake yote, amewapelekea wanaume mayai na maganda yake tangu akiwa msichana, na hajui ganda linavunjwa wapi. Hakuna aliyecheka, nami nilisimama kama mti nisijue la kufanya. Ndipo Nabwire akapenya kwenye ua, akajikokota na miguu yake ile mizito mpaka pale katikati. Mama yako akainama akamuuliza, "Wewe najua kufungua?" Mtoto akalichukua, akaligonga kwenye jiwe, akalimenya vizuri kama ulivyomfundisha, akamrudishia kwa mikono miwili.

Akala. Alitafuna akiwa amefumba macho, na machozi yakawa yanamtiririka. Hata upepo nilihisi unangoja. Nimesimama mbele ya wakubwa wengi wenye nyota mabegani, wala sikuwahi kumwogopa na kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu bibi yule aliyeshika kipande cha yai. Alipomeza cha mwisho akafumbua macho, akanitazama mimi, mwanamume pekee aliyekuwapo, akasema, "Nyinyi nakula hii kila siku na nanyamaza?" Mama mmoja kwenye ua akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

Hakuondoka. Alilala nyumbani kwako wiki nzima, na kila asubuhi alikwenda kisimani njia ndefu, ile inayopita mbele ya kila mlango, ili wamwone yu hai. Akisalimiwa habari za asubuhi anajibu, "Bado sijakufa." Alhamisi ya pili Mama Nabwire alikuja kabla ya kengele ya shule, na binti yake mkononi. Hakuniambia neno. Alimkabidhi kwa mama yako, si kwangu, na ilikuwa haki. Kufikia jana walikuwa wamerudi karibu wote, na miguu ya Nabwire imeanza kupungua. Mama yako ameacha kuku wako hapa. Amesema atakuja kuwatembelea, lakini nadhani anataka kuwaona watoto.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonikalisha kuandika.

Jana jioni Nafula aliniwekea yai, akageuka kurudi jikoni. Nikamwambia, "Kaa. Tule wote." Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba: mbu, damu, nguvu. Akakaa. Akasema kwamba anakula mayai tangu mwaka jana. Jikoni kwako, siku za soko, mlango ukiwa umefungwa. Nikamuuliza mlikuwa mnamwogopa nani, akina mama wa Lumino?

Akasema, "Wewe."

Ulijua, Mwalimu. Ulinisimamisha uwanjani kila wiki nikitangaza chakula bora, ukanicheka, ukanipa kamba, na siri ya mke wangu ukaitunza mpaka kaburini. Sijui kama nikushukuru au nikulilie. Nimefanya yote mawili.

Pumzika Mella, Mwalimu wangu. Jumanne nitakuwa uwanjani, na kamba nitaishika sawasawa. Na nakuahidi, mimi Wandera, koplo wako: nyumbani kwangu hakuna tena mtu atakayefunga mlango ili ale.