Pembe ya Njiru kwenye Madigadi ya Mutwiri

Jumapili. Meru imeamka na manyunyu ya baridi, mlima hauonekani, na mimi nina furaha ambayo hakuna mchungaji atakayeibariki.

Asubuhi kanisani, tulipofika pale pa kuomba tusamehewe kama tunavyowasamehe wengine, nilifunga mdomo. Wenzangu wakamaliza mstari, nikaungana nao mbele.

Sijamsamehe Mutwiri. Naandika hapa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilimsamehe.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu: natengeneza nakala za lile gari la Kizungu la zamani, lenye boneti ndefu na taa kama macho ya chura. Nalijenga kwa faiba juu ya chesi za pikapu zilizochoka. Maharusi wanalipenda. Mutwiri nilimpokea katika karakana yangu nyuma ya Gakoromone akiwa hajui hata faiba inachanganywa vipi. Nilimfundisha. Akaondoka, akafungua yake upande wa Nkubu, na wala sikununa.

Kisha akaiandikia kampuni ya ng'ambo inayomiliki jina la gari hilo, akapewa leseni ya kutumia jina na nembo. Haukupita muda, wakili wake akanipigia niondoe nembo kwenye magari yangu. Nikaziondoa. Nembo ina wenyewe, ruhusa anayo yeye, mimi sina.

Ugomvi ulianza aliponiita mwizi.

Aliwatafuta wateja wangu mmoja baada ya mwingine. Kule Kianjokoma, mama wa bibi harusi, mtu tunayejuana miaka, alinipigia kwa aibu akaghairi: hawezi kukubali msichana wake ashukie mlangoni pa kanisa kutoka kwa gari ambalo watu wanasema ni feki. Mutwiri naye akatundika bango kwamba magari yake yametoka kwenye michoro ya kiwanda, hata milimita moja haikubahatishwa.

Milimita. Hilo neno alijifunzia kwangu.

Jana tulikutana Embu, uwanjani, kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Mama Muthoni, anayekodisha magari ya harusi, alikuwa ameahidi kuchagua hapo hapo nani atamtengenezea matano. Bila kazi hiyo nafunga karakana. Hesabu nimeipiga kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, jibu ni lile lile.

Nilienda na tepu ya kupimia. Na Cucu Wanjovi.

Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, ni mjane wa Siakago. Marehemu mumewe aliachiwa gari lile lenyewe, la kiwandani, na mzungu aliyekuwa anahama, likazeekea kwenye banda la mbuzi. Kalibu yangu, ile ninayofinyangia faiba, niliitoa kwenye gari hilo, kwa idhini ya Cucu. Sasa, fahali wao mweusi, Njiru, aliwahi kulipiga pembe kwenye madigadi ya kulia. Mzee akaigongagonga mwenyewe kwa nyundo mpaka ikakaribia kuwa sawa. Ikakaribia tu. Mgongo wa madigadi ya kulia ulibaki chini kuliko wa kushoto kwa milimita kumi na tisa. Nilipogundua, magari ya kwanza yalikuwa yameshauzwa. Kurekebisha kalibu ni gharama na jicho la kawaida halishiki tofauti hiyo, nikaiacha.

Kwa hivyo kila gari linalotoka kwangu lina alama ya Njiru. Gari la michoro ya kiwanda halina; lenye alama hiyo limenakiliwa kwangu.

Mutwiri alikuwa amevaa suti. Alimzungusha Mama Muthoni kwenye gari lake, akimsimulia michoro, leseni, ng'ambo. Nikasubiri amalize. Nikamuuliza kwa upole, watu wakisikia, kama hata madigadi ya kulia ni ya michoro.

"Kila milimita, Mama Kendi," akasema. "Si unajua mimi sibahatishi kama wengine."

Tepu sikuishika mimi. Nilimpa Mama Muthoni apime mwenyewe, kutoka katikati ya taa hadi juu ya mgongo. Kushoto. Halafu kulia. Akarudia kulia.

Kumi na tisa.

Mutwiri akasema uwanja umeinama. Mama Muthoni akamwambia hajapima uwanja, amepima gari. Ndipo Cucu akasogea na fimbo yake, akapapasa ile madigadi kama mtu anayemtambua mtoto gizani.

"Kijana, hii gari ulipewa na Wazungu?" akamuuliza. "Hapa ndio Njiru wangu alipiga pembe. Hata huko ng'ambo alifika?"

Kuna mtu nyuma alilia kama ng'ombe. Uwanja mzima ukacheka, na kufikia mchana watu walikuwa wanaulizana, "Umeona ile Njiru ya Mutwiri?"

Nilitamani kicheko kile kisiishe.

Lakini Mama Muthoni si mtu wa kubebwa na kicheko. Alikuja kwenye gari langu na tepu ile ile. Nilimwambia kabla hajainama kwamba atapata kumi na tisa, na nikamweleza kwa nini. Akapima, akapata. Akasema matano ni yangu, ila hataki mawakili kwenye harusi za watu: nimletee magari yenye jina langu mwenyewe, na jina hilo liwe na karatasi.

Basi leo, baada ya kanisa, nimefanya mambo mawili.

La kwanza, nimetuma barua pepe kwa ile kampuni ya ng'ambo. Picha za madigadi mbili, tepu inasomeka, na maneno ya bango la Mutwiri. Nimeshatuma, kwa hivyo hakuna wa kunishauri nitulie.

La pili, nimeanza kujaza maombi ya kusajili nembo yangu: fahali mweusi, pembe ya kulia imeinama, na jina Njiru. Nilimuuliza Cucu kwanza. Ametaka gari la kwanza limpeleke kanisani Siakago, taratibu, majirani waone.

Wakili ninayemjua ameniambia mbonyeo hauwezi kusajiliwa, jina na picha vinaweza. Inatosha. Gari la Mutwiri watu wameshalibatiza Njiru. Ng'ambo wakimnyang'anya lile jina la Kizungu, litabaki hilo moja ambalo wateja wanalijua, na itabidi aje Gakoromone kuomba leseni.

Nitampa?

Nitampa kiti kwanza. Nataka aombe akiwa ameketi chini ya picha ya yule fahali.